Strungi Kabla ya Kipimo

Mliniaga kwa keki, hotuba na birika la umeme. Birika! Mwanamke aliyepigana na chai miaka yote ndani ya kile chumba, mkamnunulia birika la kuchemshia chai. Nilishukuru, nikapigwa picha nikilikumbatia, nikafika nyumbani Sotik nikalisukuma chini ya kitanda, na liko huko mpaka leo. Sina ubaya nanyi mliochanga. Najua ni Mercy wa mapokezi aliyetumwa mjini, na Mercy aliona tu kitu kinachong'aa dirishani.

Nawaandikia nyinyi wawili mlioachiwa chumba cha picha za moyo, na yeyote atakayekuja baada yenu. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa. Nataka mjue kazi yenyewe, kwa sababu chuoni mnafundishwa mashine, hamfundishwi watu wa huku. Na kuna jambo moja ambalo nimelinyamazia kwa sababu nilikuwa nakula mkate wa watu. Sasa hakuna wa kunifukuza. Majina ya wagonjwa nimebadilisha, kwa hivyo ukijiona humu, si wewe. Mama aliye kwenye kisa cha mwisho hayuko tena mahali maneno haya yanaweza kumuumiza.

Nilianza kama nesi wa wodi. Kila mwezi alikuwa akija daktari wa moyo kutoka Eldoret, Daktari Makokha, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza na asiye na subira hata chembe. Alihitaji mtu wa kumsaidia kwenye kile chumba chenye giza, na matroni akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimemjibu vibaya wiki hiyo na alitaka nikome. Siku ya kwanza Makokha aliniweka mbele ya skrini, akamshika mgonjwa kifuani kwa kile kichwa cha mashine chenye jeli, akaniuliza, "Unaona nini?"

"Naona moyo, Daktari."

"Hata mama muuza mboga pale stendi anaona moyo. Nimekuuliza, unaona nini?"

Mgonjwa akanitazama, nafikiri alikuwa ananionea huruma. Makokha akaweka kidole kwenye skrini. "Tazama ukuta. Damu ikifika, ukuta unanenepa na kuingia ndani kwa kila pigo. Damu isipofika, unalegea. Mengine yote ni mapambo." Nilikasirika siku nzima, lakini tangu saa hiyo sikuwahi tena kutazama moyo. Nilitazama kuta.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo kazi yenu yote. Moyo uliolala unadanganya. Mshipa ukiwa umezibika nusu, mtu akiwa amepumzika damu bado inatosha, kuta zinacheza vizuri, picha ni safi, na mgonjwa anarudi nyumbani na dawa ya tumbo. Mpaka uufanyishe moyo kazi ndipo utaona ule upande wenye njaa ukibaki nyuma. Ni kama kikosi cha wachuma chai, asubuhi wote wako mstari mmoja, lakini nyapara akiongeza mwendo, aliye mgonjwa atajulikana. Kwa hivyo tunapiga picha moyo ukiwa umepumzika, tunapiga tena ukiwa kazini, halafu tunazitazama zikiwa ubavu kwa ubavu.

Miaka ya mwanzo tulitumia mashine ya kukimbilia. Wacha niwaambie, hakuna sinema iliyowahi kunichekesha kama ile mashine. Watu wa huku wanapanda milima tangu utotoni, wamebeba vikapu, kuni, watoto, ndama, lakini kutembea bila kufika popote kuliwashinda. Mama mmoja wa Sigowet alishuka ikiwa bado inaenda, na gambuti zake miguuni, akaniambia, "Sister, mimi niko na shamba ya kutembea. Siwezi tembea mahali moja kama mtu amerogwa." Wanaume ndio walikuwa wabaya zaidi. Walishika vyuma vya pembeni kwa nguvu zote ili miguu isifanye kazi, halafu wakajisifu kwamba hawajachoka. Ukimwona mtu ameshika vyuma hivyo, mwondoe mikono. Akikataa, mwambie mke wake yuko mlangoni anatazama.

Kitanda kiwe karibu kabisa na mashine. Mtu akishuka tu, moyo unaanza kutulia, na ukichelewa umepoteza kila kitu. Alale kwa ubavu wa kushoto, mkono juu ya kichwa, apumue nje, ashike hapo. Jeli ipashe moto mfukoni mwako, maana ya baridi humfanya aruke na picha inakimbia. Haya hayako kwenye vitabu vyenu kwa sababu walioandika vitabu hivyo wana mtu wa kuwapashia jeli.

Na neno asidi, tafadhali, mlichukie kama ninavyolichukia. Mwanamke akisema kifua kinabana akipanda mlima, anaambiwa ni asidi. Mwanamume akisema vivyo hivyo, anaandikiwa kipimo. Mwalimu mmoja wa kike wa Soin alitibiwa vidonda vya tumbo mpaka akakatazwa pilipili, maharagwe na maziwa lala, akabaki mifupa. Alipofika kwetu, picha ya kupumzika ilikuwa safi kabisa. Kwenye picha ya kazi, ukuta wa mbele ulisimama. Haukulegea, ulisimama. Makokha hakusema neno, alinigonga bega tu. Yule mwalimu alipelekwa Eldoret, mshipa ukazibuliwa, na mpaka leo anaimba kwaya ya kanisa, sauti ya kwanza, tena kwa kelele. Nawatajia huyu mapema ili msije mkafikiri nimekuwa mtu wa kulalamika tangu mwanzo. Niliipenda kazi hii. Kama singeipenda, yaliyofuata yasingeniuma.

Mashine ya kukimbilia iliungua stima ilipopotea na kurudi kwa kishindo, na haikununuliwa nyingine. Tukahamia sindano. Kuna dawa ya kuuharakisha moyo, lakini ilikuwa ikikosekana kila mara, kwa hivyo wagonjwa wengi tuliwapa ile nyingine inayopanua mishipa. Mishipa mizima inapanuka na kuvuta damu, ile iliyoziba inaachwa bila, na ukuta wake unalegea mbele ya macho yako. Ni dawa nzuri. Ina adui mmoja tu, na adui huyo ni chai.

Makokha alinieleza akiwa amekaa juu ya kitanda cha wagonjwa, miguu ikining'inia. Kitu kilicho kwenye majani ya chai kinakalia pale pale dawa inapotaka kukaa. Ukishakunywa, dawa inafika inakuta kiti kimejaa, inazunguka, inatoka na mkojo. Akanionyesha kichupa kidogo tunachokiweka karibu, dawa ya kuokoa mgonjwa aliyezidiwa na kipimo. "Hii ni binamu ya chai," akasema. "Mgonjwa aliyekunywa chai asubuhi amejidunga dawa ya kuzuia kipimo kabla hujamgusa. Tangu jana yake adhuhuri, hakuna chai, hakuna kahawa, hakuna kakao, hakuna soda nyeusi. Hakuna kipimo nusu, Esther."

Sasa hebu fikirieni. Hapa Kericho. Watu wanaoamka kwa chai, wanaosalimiana kwa chai, ambao mgeni hawezi kutoka nyumbani kwao bila kikombe hata kama amekuja kuleta matusi. Uwaambie wasinywe chai. Walikubali wote, kwa adabu, "kongoi, Sister," ahsante nyingi, halafu wakaenda nyumbani wakanywa. Chai haikuhesabiwa kuwa kitu cha kunywa, achilia mbali chakula.

"Umefunga, mzee?"

"Nimefunga, Sister. Sijatia kitu kwa mdomo."

"Hata chai?"

"Ai! Chai nimekunywa. Sasa singekunywa chai?"

Huyo alikuwa mkweli. Wengine walisoma uso wako, wakakupa jibu unalolitaka, kwa sababu si adabu kumuudhi daktari. Kwa hivyo msiulize kama amekunywa. Mwambieni, "Siku hizi ng'ombe wamekauka, hata mimi leo nimekunywa strungi." Akisema, "Hata sisi ni strungi tu, Sister, maziwa tumekosa," basi umemshika, mrudishe nyumbani. Wao wanafikiri chai bila maziwa haina makosa, kumbe strungi ndiyo kali zaidi. Nilirudisha watu waliotoka Soin alfajiri, wakanitukana kwa Kipsigis wakidhani mimi si mtu wa kwao, na mimi nikawajibu kwa Kipsigis hicho hicho na kuwapangia siku nyingine.

Na kama wote wamekudanganya, dawa yenyewe haidanganyi. Ikifika, mtu anapata joto usoni, kichwa kinagonga, moyo unapanda kidogo. Asiposikia chochote, amekunywa. Shikeni hapo, maana nitapahitaji mbele.

Makokha alizeeka, magoti yakamkataa, akaacha kuja. Kisha tukaletewa administreta mpya. Nitamwita Bwana Sang, kwa sababu huku hilo jina linawatosha watu wengi na hakuna atakayedai ni yeye. Alikuja na suti nyembamba na maneno kama "mteja" na "uzoefu wa mteja", na jambo la kwanza alilofanya ni kukubali zawadi kutoka kampuni moja ya mashamba ya chai. Wakaleta dramu kubwa la chai lenye bomba, vikombe, na msichana aliyevaa aproni. Wakaliweka kwenye ukumbi wa kungojea. Kwenye mabenchi yetu. Mbele ya mlango wangu.

Nilienda ofisini nikiwa bado nimevaa glavu.

"Bwana Sang, lile dramu litolewe pale. Wagonjwa wangu wananyweshwa chai dakika chache kabla ya kipimo."

Alinisikiza kichwa kikiwa upande. "Sister Esther, unataka mimi nikataze chai Kericho?"

"Nataka uisogeze. Iweke kule kwa meno."

"Kampuni imetaka ionekane kutoka mlangoni." Halafu akacheka, akarudia lile swali lake kwa sauti ili ofisi ya pili wasikie, na wakasikia. Nilitaniwa kwa swali hilo mpaka kantini. Hata mpishi aliniuliza kama anaruhusiwa kuchemsha.

Niliendelea kumsumbua mpaka akachoka, akasema atanipa bango. Lilichapishwa kwa rangi nzuri, kikombe kikubwa kimepigwa mstari mwekundu, na maandishi aliyoyatunga mwenyewe: CHAI HUZUIA DAWA YA KIPIMO CHA MOYO. UKINYWA CHAI, UGONJWA HAUTAONEKANA. Likabandikwa juu ya dramu. Chai chini, bango juu. Hiyo ndiyo iliyokuwa haki yangu.

Wakati huo huo mashine za kuchuma chai zilikuwa zimeingia mashambani. Mnazijua, watu wawili wanaishika huku na huku juu ya majani na kutembea nayo mlimani siku nzima, mwingine nyuma na gunia. Mikono iliyokuwa ikichuma haikuhitajika tena. Waliobaki ni wale wenye nguvu ya kubeba, na kampuni ikaanza kutuletea wale wenye umri waliowahi kulalamika kifua, kabla ya kuwapa mashine. Aliyekutwa na moyo mgonjwa aliachishwa kwa sababu ya afya. Ukiachishwa, nyumba unatoka, kwa sababu nyumba ni ya kampuni. Mkipsigis mwenzangu akitolewa alikuwa na kwao, hata kama ni robo ekari ya mama yake. Lakini kuna wale ambao babu zao walitoka kule magharibi kuja kuchuma chai, na wao wakazaliwa kwenye nyumba za kampuni, wakazalia humo humo. Kwao hapakuwa na mahali pa kurudi. Hawa ndio waliokuja wakikaa kwenye benchi langu kama watu wanaongoja hukumu.

Matokeo yakaanza kuwa mazuri. Mioyo safi, mioyo safi, mioyo safi. Mtu wa presha, wa sukari, mvutaji sigara, anayekaa chini kila akipanda mlima, safi. Na hakuna hata mmoja aliyelalamika kichwa. Nikawatupia maneno ya ng'ombe kukauka, wakanitazama machoni: "Sister, sisi kwetu hatunywi chai." Kericho nzima, ghafla, hawanywi chai!

Mercy ndiye aliyenitoa gizani. Alikuja na simu yake akiwa ameificha chini ya kitambaa, akasema, "Madam, usiseme ni mimi." Ilikuwa picha ya bango letu. Imezunguka nyumba zote za kampuni, grupu hadi grupu, na chini yake mtu ameandika: Wenye kifua, piga strungi kali, utapita.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimepigania lile bango mpaka nikaonekana kichaa, na Bwana Sang, kwa maneno aliyoyatunga bila kuniuliza, alikuwa amewafundisha watu waliokata tamaa namna ya kuficha ugonjwa. Siwalaumu wao hata kidogo. Mimi mwenyewe, kama nyumba yangu ingekuwa ndani ya kile kikombe, ningekunywa dramu zima.

Nilimpelekea Bwana Sang habari hiyo. Alisoma simu, akairudisha mezani. "Kwa hivyo unasema wafanyakazi wa kampuni ni waongo."

"Nasema kipimo hiki sasa hivi ni bure. Walazwe wodini usiku mmoja, tuwalinde, tuwapime asubuhi."

"Na nani atalipia vitanda? Sister, kampuni inaleta watu, watu wanapita, kampuni inafurahi, watu wenyewe wanafurahi. Ni wewe peke yako huna furaha. Na bango ulilitaka wewe."

Nililing'oa lile bango siku hiyo hiyo, lakini picha ilikuwa tayari kwenye kila simu.

Ndipo akaja Wycliffe. Alikuwa mtu wa miraba minne, mcheshi, Mluhya aliyezaliwa kwenye nyumba za kampuni na kusema Kipsigis kunishinda. Alikuja na mke wake, Mama Faith, mwanamke mwembamba aliyeshika mkoba kwa mikono yote miwili. Nilimuuliza habari za kifua, akanieleza bila kuficha. Akiinua mashine kupanda, kinabana, mkono wa kushoto unakufa, jasho linatoka baridi, anakaa kidogo kinaachilia. Jamani, hiyo ilikuwa picha ya kitabu. Hata bila mashine ningeapa kwamba mshipa umeziba.

"Wycliffe, umekunywa chai?"

"Sijanywa, Sister."

Mama Faith alikuwa anatazama sakafu. Nilimwomba atoke kidogo, akaenda kukaa kule nje kwenye gari ya kampuni. Nilipofunga mlango nikamwambia Wycliffe ukweli wote, kwamba chai haiponyi mshipa, inaufunika tu, na kwamba kule Eldoret angeweza kuzibuliwa akaishi.

"Nikishazibuliwa nitarudishwa kazi?" akauliza, wala hakungoja jibu.

"Sister, mimi sina hata mahali pa kuzikwa. Faith yuko kidato cha tatu. Nipime tu."

"Sitakupima. Lala hapa wodini leo, tupime kesho, halafu mimi mwenyewe nitaenda kuongea na kampuni."

"Utawaambia nini?" Aliuliza kwa upole, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu, kwa sababu wote wawili tulijua hawangenisikiza.

Nilifungua mlango nikasema kipimo hakitafanyika. Bwana Sang akaja, maana dereva wa kampuni alikuwa amempigia. Akaja na daktari wa zamu, kijana aliyekuwa hajamaliza hata mwezi nasi. Daktari akamuuliza Wycliffe kama amekunywa chai. Wycliffe akaapa kwa Mungu kwamba hajanywa. "Basi mgonjwa amekana," daktari akasema, na akachukua sindano mwenyewe. Mimi nilishika kile kichwa cha mashine. Dawa ile haipewi mtu bila mtu kuuangalia moyo, na singemwacha Wycliffe peke yake na hao wawili.

Dawa iliingia. Nikangoja. Wycliffe alilala akitazama dari kama mtu anayesikiza redio. Moyo haukupanda hata kidogo.

"Unasikia joto usoni?" nikamuuliza.

"Eee Sister, joto mingi sana." Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa baridi.

Kuta zilikuwa safi, mbele na nyuma. Nilimwambia daktari dawa haijafanya kazi, aangalie mapigo, aangalie uso, hiki si kipimo.

"Ukuta unasogea ama hausogei?"

"Unasogea, lakini—"

"Basi ni kawaida." Akatia saini. Bwana Sang alikuwa tayari ameanza kutembea.

Nilimshika Wycliffe mlangoni akifunga vifungo vya shati. Nikamwambia kipimo hiki si kitu, asishike ile mashine ya kuchuma chai, kifua kikibana akae chini na aje kwangu mara moja, saa yoyote. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Sister, umeniokoa," akasema, akaenda akipiga mluzi. Nasikia ule mluzi mpaka leo nikiwa peke yangu, na nikiusikia nawachukia watu ambao Biblia inanikataza kuwachukia.

Alirudi kwenye mashine. Alianguka mlimani akiwa ameishika. Mwenzake wa upande wa pili alidhani ameteleza kwenye matope, akamcheka, akamwambia ainuke. Aliponiambia hivyo baadaye, alikuwa bado hawezi kujisamehe kile kicheko.

Walimzika kwenye makaburi ya umma mjini. Nilienda kumwona mjane wake kabla siku zake za kuhama hazijaisha, nikiwa na sukari na unga, kwa sababu sikujua nibebe nini kingine. Godoro lilikuwa nje, limefungwa kwa kamba. Kitanda kilikuwa kimevunjwa, mbao zimeegemezwa ukutani. Ndani kilichobaki ni jiko, sufuria moja na vikombe, na alikuwa amevibakiza kwa ajili ya wageni kama mimi. Faith alikuwa kwa jirani. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, yeye akachemsha chai, akanipa ya moto yenye maziwa aliyoomba kwa watu.

Kabla ya kuja nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia kila kitu, aende kwa wakili, na mimi nisimame niseme mbele ya mtu yeyote, Sang akiwepo, kwamba tulimpima mtu tukijua hatujampima. Nilikuwa tayari kupoteza kazi. Nilishaamua.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Sister, nataka nikuulize kitu, na usinifiche."

"Uliza, Mama Faith."

"Ile asubuhi ya kipimo, nilimpikia strungi. Nyeusi kama lami. Yeye hakutaka, alisema ni mbaya, inamchoma. Ni mimi nilimlazimisha. Niliona ile karatasi kwa simu, nikamwambia Baba Faith, kunywa, kunywa yote, tusifukuzwe." Mikono yake ilikuwa magotini. "Aliporudi alikuwa anacheka. Alisema Sister amesema moyo ni mzuri. Sasa niambie. Ni hiyo chai? Ni mimi?"

Nilimtazama. Yale maneno yangu yote niliyoyapanga, ya wakili na ya Sang, hayangeweza kusemwa bila kuanzia na ile sufuria. Ningesema chai iliufunika ugonjwa, na yeye hangesikia tena neno lolote baada ya hapo, hata nikimtajia wanaume kumi waliojua na wakatia saini. Angebaki na sufuria hiyo maisha yake yote.

"Hapana, Mama," nikasema. "Siku ile tulibadilisha dawa. Chai haikuwa na neno."

"Kwa hivyo kipimo kilikuwa sawa?"

Nilijua ninamsafisha nani nikijibu. Nilimwona Bwana Sang na suti yake, nikamwona yule kijana na kalamu yake, na kampuni na dramu lake, wote wakitoka kwa mlango mmoja na mwanamke huyu, hawana doa. Mpaka leo wako nje, wengine wamepandishwa vyeo, na hakuna atakayewauliza kitu, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuwauliza nilimjibu mimi.

"Kilikuwa sawa," nikasema.

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu niingie. Alilia mpaka mabega yakatulia, akajifuta uso kwa leso.

"Basi ni Mungu," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ni Mungu."

Akainuka, akanijazia kikombe tena, nikanywa.